Joka Lililoomba Moto

Huko juu ya Lushoto, ukishaupita msitu wa Magamba na barabara ikaanza kukutikisa meno, kuna mama mmoja anaitwa Efrazia. Ukiuliza Efrazia yupi, maana huko wako wengi, watakujibu bila kufikiri: yule wa joka. Si kwamba anafuga joka, la hasha! Anafuga mbuzi mmoja na kuku wasiotaga. Joka analo mdomoni. Alilitunga mwenyewe tangu alipoolewa, akalisimulia miaka nenda miaka rudi, na muda wote huo hakuwahi kulimaliza.

Sasa usije ukadhani ni joka kama yale ya kwenye televisheni, yanayotema moto na kuchoma vijiji na kulalia dhahabu. Dhahabu ya nini, joka linanunua nini dukani? Joka la Efrazia lilikuwa limezimikiwa. Moto wake wa tumboni ulizimika siku moja ya kipupwe, likiwa limelala pangoni huko Magamba, likaamka limepoa mwili mzima. Likifungua kinywa hautoki moto, unatoka ukungu mtupu. Ule ukungu unaoteremka asubuhi mpaka kwenye mashamba ya karoti, usiulize tena unatoka wapi. Ndilo hilo linahema.

Basi joka likaokota kigae, likaanza kupita nyumba kwa nyumba kuomba kaa la moto. Hodi, likasema. Na kila aliyefungua mlango alipiga ukelele akaufunga.

Hicho kigae ndicho wasichokielewa watoto wa leo. Zamani, na wala si zamani sana, moto ukikuzimikia ulichukua kipande cha chungu kilichovunjika ukaenda kwa jirani. Ulipewa kaa, ukalibeba juu ya kigae huku ukilipuliza njia nzima. Lakini hukupewa ukaondoka hivyo hivyo kama mwizi. Ulikaa. Uliulizwa umelalaje, mgongo unaendeleaje, ulitiliwa uji. Na kaa likikuzimikia njiani ulirudi, ukakaa tena, wala hakuna aliyekununia.

Mzee Abrahamu, mzee wa kanisa, hakulipenda joka hilo hata kidogo. Siku moja baada ya ibada alimwita Efrazia pembeni. "Mama Glory," akamwambia, "joka ni yule Ibilisi wa kwenye Ufunuo. Wewe unawafanya watu wamwonee huruma?" Efrazia akamjibu kwa adabu zote, mikono ameifumbata. "Mzee, la Ufunuo lina vichwa saba. Langu lina kichwa kimoja, nacho kina mafua." Kristian, mumewe, aliyekuwa amesimama karibu, aliangua kicheko. Watu waligeuka kutazama, maana Kristian kucheka hadharani lilikuwa jambo geni.

Kristian alikuwa mtu wa maneno machache. Ungeweza kupalilia naye viazi tangu asubuhi hadi jua lizame, asiseme zaidi ya "lete jembe." Lakini kuitikia hadithi, jamani, alikuwa hana mfano. Walivyolelewa wote wawili, hadithi haisimuliwi kwa mtu aliyenyamaza. Msimuliaji akisema neno lake anatua, msikilizaji anaitikia, "Ehee," ndipo hadithi inasogea. Usipoitikia, umelala au umenuna, na hadithi inakatwa papo hapo.

Kila jioni baada ya kula, Kristian alikaa kwenye kigoda akipukuchua mahindi, naye Efrazia akachochea moto na kuanza. Akisema sentensi moja, Kristian alimalizia gunzi lililo mkononi, akalitupa kwenye kikapu, kisha akasema, "Ehee." Hakuwahi kuitikia kabla ya gunzi kuanguka. Glory, binti yao, alikua hivyo, amelala upande wa pili wa ukuta wa mbao, anasikia sauti ya mama, gunzi, ehee ya baba, mpaka usingizi umchukue.

Joka likapita nyumba hii na ile, kijiji hiki na kile. Likateremka mpaka Mnazi huko tambarare kwenye joto, likafukuzwa na huko. Baadhi ya jioni Kristian aliuliza swali lake, lile lile siku zote. "Sasa huo moto litapewa na nani?" Efrazia alimjibu, "Kesho." Ukweli ni kwamba hata yeye hakujua. Na hakuwa na haraka ya kujua, maana kesho ilikuwepo.

Kristian alifariki mwaka juzi, wakati wa kuvuna viazi. Presha, walisema. Alikwenda shamba na miguu yake akarudishwa amebebwa. Nyumba ilijaa watu, kwaya ikaimba, sufuria za kuazima zikapikiwa uani, kisha matanga yakaanuliwa na kila mtu akarudi kwake, kama ilivyo kawaida. Hakuna aliyekosea. Watu wana mashamba yao.

Kilichomuuma Efrazia, wacha niseme wazi, si kitanda kipana wala sahani moja mezani. Hayo aliyazoea kwa shida akayazoea. Kilichomuuma ni kukosa wa kumwitikia. Jioni alijaribu kuanza peke yake, "Joka likapiga hodi," akatua, na kimya kikamrudia usoni. Alijaribu kumsimulia mbuzi. Mbuzi alitafuna, akamtazama, akageuka akampa mkia. Mbuzi hana adabu ya hadithi.

Alitaka kitu kimoja tu. Alitaka kulimaliza joka lake kabla naye hajaondoka, na awepo mtu mmoja wa kumwitikia wakati analimaliza. Hakuwa na ombi lingine kubwa kwa Mungu.

Glory yuko Dar es Salaam, Mbagala, ana saluni. Mumewe, Edgar, ni fundi wa kupiga na kukatakata video za harusi, kijana mpole na mchapakazi. Wana watoto wawili. Glory humpigia mama yake kila Jumapili, kwa haraka haraka, nyuma yake kuna kelele za maji na watu. Sikwambii kwamba ni mtoto mbaya. Alimtumia mama yake simu ya kupangusa, akamfundisha namna ya kubonyeza, na Jumapili moja akamwambia, "Mama, watoto wameona joka kwenye katuni, nimewaambia bibi yenu ana joka lake. Turekodie basi, ututumie wasapu."

Weee! Efrazia siku hiyo alioga saa tisa mchana. Alivaa kitenge cha kanisani, akafagia jikoni, akasogeza kigoda kitupu kikamwelekea, akaiegemeza simu juu ya kigoda. Akabonyeza kama alivyofundishwa.

"Paliondokea joka," akaanza, "lililokuwa likikaa Magamba."

Akatua. Akangoja kwa muda wa mtu kumalizia gunzi. Kuni ikapasuka jikoni, simu ikanyamaza. Akaendelea, "Siku moja moto wake ukazimika." Akatua tena, akangoja. Alisimulia hivyo mpaka giza likaingia, kila sentensi na kimya chake, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alihisi kifua kinashuka. Ilikuwa kama Kristian yupo, isipokuwa hasemi, na kutosema kwa Kristian alikuwa amekuzoea. Mwisho wa hadithi bado hakuwa nao. Aliishia pale joka linapoteremka Mnazi, akasema, "Kesho," akatuma.

Jumapili iliyofuata rekodi ikarudi. "Mama, simu yako ilikuwa inakatakata sauti," Glory alimwambia. "Mapengo mengi mno! Lakini usijali, Edgar ameisafisha, ameweka na muziki. Yaani imependeza, isikilize."

Efrazia alikaa mbele ya kigoda akasikiliza. Muziki ukaanza, vinanda. Kisha ikaja sauti yake mwenyewe, inakimbia. Joka lilikaa Magamba moto ukazimika likaamka likaokota kigae likapiga hodi. Hakuna kupumua. Alikuwa anaongea kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Pale gunzi linapoanguka palikuwa pamezibwa, na pale pa "ehee" palikuwa pamefutwa. Ile hadithi iliyomchukua jioni nzima ilikuwa imekwisha kabla maji ya chai hayajachemka.

Alimpigia Glory siku hiyo hiyo.

"Mmemtoa baba yako," akasema.

"Mama? Tumemtoa nani?"

"Baba yako. Mmemkata."

"Mama, Baba hayumo kwenye ile rekodi." Sauti ya Glory ikawa ya upole, ule upole wa kuongea na mgonjwa. "Baba alishafariki, Mama."

"Najua alifariki, nilimzika mimi! Ile nafasi ilikuwa yake. Nilimwachia."

Glory alisema pole. Alisema Edgar hakuwa na nia mbaya, na kweli hakuwa nayo. Efrazia akajibu hamna neno, mwanangu, wasalimie watoto. Akaiweka simu kwenye kapu la vitunguu, akaapa hatalisimulia joka tena maishani, kwa binadamu wala kwa mashine. Alilia jioni hiyo, akalia kwa hasira kuliko kwa huzuni. Jumapili zilizofuata walisalimiana tu, shikamoo, marahaba, mvua huko, joto huku, basi.

Kipupwe kikaingia. Mwaka huo ukungu ulikaa mpaka saa nne asubuhi, nguo zikaanikwa wiki nzima bila kukauka. Efrazia alikuwa na desturi yake ya kufukia moto majivuni kila jioni ili asubuhi akute kaa linalofuka. Asubuhi moja alifukua akakuta majivu baridi hadi chini. Alikaa akayatazama. Kisha akainuka, akaokota kigae nyuma ya nyumba, akajitanda kanga ya pili, akatoka kwenye ukungu kwenda kwa Hadija.

Hadija, Mama Rashidi, ndiye jirani yake wa chini ya mfereji, mkulima wa kabichi, mwanamke mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa. Enzi zile walikuwa hawapitishi siku mbili bila kuombana moto. Alipofungua mlango akakiona kile kigae, alipiga makofi.

"Mama Glory! Kigae? Mwenzangu, wewe bado uko enzi zile?"

"Moto umenizimikia."

"Pole, karibu, pita." Akamshika mkono akamwingiza ndani. Jikoni mwa Hadija hamkuwa na mafiga tena. Palikuwa na mtungi na jiko la gesi juu ya meza iliyotandikwa plastiki ya maua, mwanawe Rashidi alimletea Ramadhani iliyopita. Hadija akawasha, moto ukaja wa bluu, msafi, hauna harufu. Wote wawili wakautazama, wakakitazama kigae, wakacheka. Moto wa gesi utaubebaje?

Nje pikapu ilikuwa inapiga honi. Ilikuwa siku ya soko, kabichi za Hadija zilishapakiwa, zilimngoja yeye tu. Alijifunga mtandio huku anatafuta viatu, akavuta droo, akatoa kiberiti kipya, akakitia mkononi mwa Efrazia.

"Chukua chote, shoga yangu. Usihangaike tena na haya mambo ya kutembea kwenye baridi. Tutaonana, eeh?"

"Asante, Mama Rashidi. Soko jema."

Pikapu ikaondoka. Efrazia akabaki amesimama njiani, kiberiti mkono huu na kigae mkono huu. Alikuwa amepewa alichokiomba, tena kwa ukarimu, tena zaidi ya alichoomba. Mbona basi alikuwa anajisikia kama amefungiwa mlango? Mtu akikupa kaa, kesho utarudi. Akikupa kiberiti kizima hurudi mpaka kiishe, na Efrazia kwa kupika kwake kwa mtu mmoja, kiberiti kitamfikisha Krismasi.

Hapo ndipo alipokumbuka. Nyumbani kwake, kwenye kibao cha juu ya mafiga, karibu na kopo la chumvi, kulikuwa na viberiti. Vikavu kabisa, vimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Alivinunua mwenyewe. Anavipangusa vumbi kila Jumamosi.

"Ala!" akasema kwa sauti, peke yake katikati ya ukungu. "Sasa mimi nilikwenda kufuata nini?"

Alicheka. Akacheka mpaka akaegemea mti wa plamu, kisha kicheko kikageuka kikawa kilio, na chenyewe hakukizuia. Alipojifuta uso na upindo wa kanga, ukungu ulikuwa unapita mbele yake taratibu, unateremka kwenye makarotini. Akautazama kwa muda.

"Eeee," akauambia. "Kumbe ndiyo maana."

Jioni alitoa simu kwenye kapu la vitunguu. Hakuwahi kumpigia Glory siku isiyo ya Jumapili, ila ile siku ya msiba.

"Shikamoo, Mama! Kuna nini? Unaumwa?"

"Marahaba. Siumwi. Nimepata mwisho wa joka."

Huko Mbagala mashine ya kukaushia nywele ilikuwa inanguruma. "Mama, nina mteja kichwani hapa, hata sijammaliza..."

"Basi mmalize mwanangu, si kitu."

Glory akasita. "Hapana. Sema tu, Mama. Nasikiliza."

Efrazia akakaa sawa mbele ya kigoda. "Joka likafika nyumba ya mwisho," akasema, "juu kabisa, ambako njia inaishia."

Akatua. Akangoja.

"Mama? Uko hewani?"

"Nipo."

"Mbona umenyamaza?"

"Nangoja."

"Unangoja ni..." Glory hakulimaliza neno. Ile mashine ikazimwa. Pakawa kimya huku na huko, kimya kirefu, na Efrazia hakukijaza. Kisha ikaja, ya chini, polepole, imechelewa pale pale ilipotakiwa kuchelewa.

"Ehee," akasema Glory.

Jamani, damu ni damu! Ilikuwa ehee ya Kristian kabisa. Efrazia alishika ukingo wa kigoda kwa mkono mmoja ndipo akaweza kuendelea.

"Likapiga hodi. Akafungua bibi mmoja. Naye hakupiga ukelele, maana hakuwa na wa kumpigia."

"Ehee."

"Akaliambia, karibu. Joka likaingia kichwa na mabega, mkia ukabaki nje kwenye mvua. Likakaa karibu na mafiga, likaulizwa limelalaje."

"Ehee."

"Bibi akalitilia kaa kwenye kigae. Joka likainama kulipuliza. Puani mwake ikatoka cheche."

"Ehee?"

"Bibi akaiona. Akasema, wewe joka, mbona moto unao?"

Hapo Glory alichelewa kidogo. "Ehee."

"Joka likaona haya, likaficha uso. Likasema, ninao, Bibi. Haukuwahi kuzimika. Lakini ningepiga hodi kwenu, nikaulizwa nimefuata nini, ningejibu nini?"

Efrazia akatua. Safari hii hakuitikiwa. Akasikia pumzi tu, na mtu fulani mbali akiuliza, "Dada, vipi?"

"Basi," Efrazia akasema. "Limeishia hapo."

"Mama," Glory akasema, na sauti ilikuwa nzito. "Mteja ananingoja. Nitakupigia." Simu ikakatika.

Efrazia alikaa pale pale. Alikuwa amepata alichokiomba kwa Mungu: joka limekwisha, na ameitikiwa. Alidhani atafurahi. Lakini nyumba ilikuwa imenyamaza kuliko jana, maana jana angalau joka lilikuwa bado liko njiani. Hapakuwa tena na kesho ya kumwambia mtu. Alifukia moto wake akaenda kulala mapema.

Katikati ya wiki, jioni, simu ikalia. Ilikuwa mara ya kwanza kulia siku ya kazi, akadhani ni watu wa mtandao na matangazo yao.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Glory. Kuna nini?"

"Hamna. Nilikuwa nataka kukuuliza." Akakohoa kidogo. "Bada inasongwaje? Nimesahau."

Bada! Mtoto huyu alianza kusonga ugali wa muhogo akiwa hafikii chungu, anapandishwa juu ya kinu. Alisonga bada ya msiba wa baba yake, ya watu uwanja mzima, bila kuuliza mtu. Na isitoshe, nyuma ya sauti yake, Efrazia alisikia wazi mwiko unagonga sufuria, tup, tup, unga unageuzwa na mkono unaojua kazi yake. Bada ilikuwa jikoni tayari, tena inakaribia kuiva.

Hakusema kitu juu ya mwiko. Alivuta kigoda akakaa, machozi yanamshuka na wala hakuyafuta, akaanza mwanzo kabisa, kama anayemfundisha mtoto mdogo.

"Kwanza unateka maji, unayabandika," akasema, akatua.

Mwiko ukaacha kugonga.

"Ehee," akaitikia Glory.